Mkono Wako Si Shahidi

Mdogo wangu,

"Dawa yangu ya uso naijaribu kwanza mkononi mwangu mwenyewe, na haijawahi kuniwasha hata siku moja." Ndivyo ulivyowaambia wateja waliojazana mbele ya duka lako wiki iliyopita, nao wakakupigia makofi. Nitakujibu hapa hapa, lakini kwanza nikusalimu, hasira isije ikanivua adabu aliyotufunza mama. Hujambo? Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Mimi ni mzima, isipokuwa kiganja cha kulia kimeshonwa nyuzi saba. Naandika kwa kushoto, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Sasa huo mkono wako. Miaka ishirini umeutumbukiza kwenye dawa ya kulainisha nywele bila glovu. Unaepua sufuria bila kitambaa huku unaimba. Mwaka juzi mlango wa gari ulikubana kidole, ukaendelea kupiga soga mpaka tukakuonyesha damu. Mkono huo umekufa ganzi zamani, halafu wewe unausimamisha mbele za watu utoe ushahidi juu ya uso wa msichana wa miaka kumi na tisa!

Nimepamba maharusi tangu wewe ukiwa shule, na nyuso za mafuta nimeshika nyingi kuliko nyuso kavu. Narudia nililokuambia tulipogombana jikoni kwa mama: uso wa mafuta si uso mchafu. Unaoshwa asubuhi na jioni kwa sabuni laini, si ya kufulia. Hausuguliwi. Unapakwa losheni nyepesi, kisha poda kidogo ya kugandamiza, na ukianza kung'aa mchana unabonyezwa kwa shashi, basi. Vitu hivyo vyote havifiki bei ya kopo lako moja. Wewe ulinicheka, ukaniita profesa wa poda, ukasema wateja hawanunui subira. Wanataka kitu kinachochoma, kikichoma ndio wanajua kinafanya kazi.

Basi kimefanya kazi. Jumanne mchana msichana mmoja aligonga mlango wangu amejifunika mtandio. Alipouvua, ngozi ya shavu la kushoto ilitoka nao. Sijawahi kusikia yowe kama lile. Alikimbilia jikoni, akakamata kisu akitaka kujikwangua ule moto usoni. Mimi na jirani yangu, fundi cherehani, tulimwangusha sakafuni na kumkalia, naye akamng'ata fundi mkononi mpaka damu ikatoka. Tulimfunga mikono kwa mkanda wa gauni la harusi nililokuwa nimeletewa, tukampeleka hospitali hivyo hivyo, kama mwizi.

Daktari alisema jicho la kushoto linaziba, na kwamba hawezi kumtibu kwa kubahatisha. Lazima ajue alichopakwa. Nilikupigia simu nikiwa kwenye korido. Nilikuuliza kistaarabu kabisa kilichomo kwenye ndoo unayokorogea dawa yako. Ukaangua kicheko, ukasema profesa mzima leo anataka kuiba fomula ya mwanafunzi, ukanikatia. Nilipopiga tena ulikuwa umezima.

Hapo nakuja kwenye jambo linalonifanya niandike. Unatangaza mtaani kwamba washindani wenye wivu wamekuvunjia duka. Si washindani. Ni mimi.

Jumatano asubuhi ulipokwenda kununua makopo, nilichukua ule ufunguo wa akiba unaouacha kwa mama, nikaingia na begi tupu. Nilitaka lebo tu, au pakiti, au hata kikopo kimoja cha kumpelekea daktari. Nikakuta mifuko ya unga mweupe isiyo na maandishi, na kwenye kioo umeandika kwa rangi ya midomo: "Sura mpya kwa siku saba." Nilikipiga kile kioo kwa mkono mtupu. Baada ya hapo sikujizuia tena. Nilichukua nyundo ya chini ya kaunta, nikavunja rafu, nikapasua makopo kwa visigino, nikararua mifuko na kuimwagia maji, nikakokota ndoo zote tatu nje na kuzimimina mtaroni, nikipiga kelele kama kichaa. Nilirudi hospitali mkono unachuruzika damu, na daktari akaniuliza sampuli iko wapi. Nilikuwa nimeimwaga yote. Mimi, profesa, nilimwaga jicho la mtoto mtaroni kwa hasira zangu.

Nimesema mtoto, kwa sababu ni mtoto wetu. Ni mwanao. Hayuko kwenye mafunzo ya chuo kama alivyokuaga. Aliniapisha nisikuambie, akiogopa utasema amekuharibia biashara. Kiapo hicho nakivunja leo. Nilimkatalia kumpamba kwa sherehe ya rafiki yake, nikamtania kwamba poda usoni kwake inateleza kama yai kwenye kikaango. Utani huo naubeba. Alikuja kwako kuomba dawa, na wewe ukamkataza asiiguse kamwe. Akadhani unamnyima kizuri. Akasubiri utoke, akachota chini kabisa ya ndoo bila kukoroga, pale ambapo ule unga hutuama, akajipaka siku tatu mpaka ikaisha.

Ulimkataza mwanao, mdogo wangu. Kumbe ulijua. Mkono wako ulikuwa shahidi kwa watoto wa wenzako tu.

Duka nitalilipa, na polisi nitakwenda mwenyewe kwa miguu yangu. Mama anakusalimu, bado hajui. Mwanao anakusalimu pia, kwa sauti ya chini, maana midomo imevimba.

Wewe uliyekoroga, na wewe shemeji unayeleta ule unga usio na lebo: kaeni chini sasa hivi, muandike kila kilichoingia kwenye ndoo, kiasi chake, na mlikokinunua. Msifiche hata kijiko. Kesho saa mbili asubuhi mfike wodi ya macho, kitanda cha nne, mumkabidhi daktari karatasi hiyo mkononi, na mumtazame mtoto usoni wakati anaisoma.

Ni mimi dada yako,
Mpambaji