Pedi Ulizoziandika M

Baba Makena,

Nitaanzia kwenye pikipiki, maana ungekuwa hapa ungeuliza habari zake kabla hujauliza kama tumekula. Ipo. Inatembea. Mimi ndiye ninayeiendesha sasa, na pale steji ya bodaboda waliacha kunicheka siku nyingi. Asubuhi ninampeleka Makena shule, kisha ninashika barabara ya Ngaremara kumchukua Akko Halima, yule bibi wa Kiborana, na mitungi yake ya maziwa ya ngamia, kama ulivyokuwa ukifanya. Bado anakaa upande, na bado ananilaumu mimi kwa kila shimo.

Lakini nina aibu, Baba Makena. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Unakumbuka zile pedi za breki ya nyuma ulizozifunga kabla kifua hakijakulaza? Ulikaa mlangoni, ukachukua msumari, ukakwaruza herufi M kwenye chuma cha kila moja, ili fundi akifungua gurudumu asije akakubadilishia akaweka zilizokwisha. Nikakuambia Isiolo nzima hakuna mtu wa kuiba pedi. Ukasema, "Utaniambia." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono yako. Hukushika spana tena.

Basi zikaisha, kama pedi zote. Breki ikaanza kushika chini, nikakaza nati. Ikashuka tena, nikakaza tena, mpaka nati ikafika mwisho. Halafu gurudumu likaanza kulia, hata watu wa soko la mifugo wakawa wanajua ninakuja kabla hawajaniona. Fundi Ekai, rafiki yako, akaniambia nipeleke abadilishe, ni kazi ya muda wa kikombe cha chai. Nikamwambia kesho. Kesho yake nikapita njia nyingine ili asinione.

Usidhani nilikosa cha kununulia. Pedi mpya nilikuwa nazo ndani ya kabati, chini ya shati lako la kanisani.

Siku moja nilifungua gurudumu mwenyewe, nyuma ya nyumba, vile ulivyonifundisha. Pedi zilikuwa zimebaki nyembamba kama ukoko wa ugali, lakini M zako zilikuwepo, zimepinda kidogo, maana mkono ulikuwa umeshaanza kukutetemeka. Nikashindwa kuzitoa. Nikakata vipande viwili vya bati kutoka kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, nikaviweka ndani ili pedi zisukumwe nje zaidi, nikafunga. Ndiyo, ule ujanja wa vijana wa steji. Ule uliokufanya umfukuze Mutwiri nyumbani kwetu, na kikombe cha chai bado kiko mkononi mwake.

Breki ikashika. Na sasa nikuambie linaloniuma kuliko yote.

Jumapili kabla ya kanisa tuliendelea na desturi yako. Mimi ninakanyaga breki, Makena anachuchumaa kando ya gurudumu na kusoma ule mshale mdogo ambao ukitoka nje ya alama, pedi zimeisha. Bati lilikuwa limeurudisha mshale nyuma. Mtoto akainuka, akasema vile ulivyomzoeza, "Iko ndani, Mama. Twende." Nikamwambia asante. Nikampakia na gauni lake jeupe, tukaenda kuimba.

Wiki hiyo hiyo, nikirudi kutoka Ngaremara na Akko Halima, mbuzi wakakatiza barabara. Nikakanyaga. Bati lilikuwa limechomoka, na breki ikazama mpaka chini bila kushika kitu. Nikashika ya mbele, kwenye mchanga, jambo ulilonikataza tangu siku ya kwanza. Tukaanguka sote, maziwa yakamwagika vumbini. Akko alikaa chini akiushika mkono wake, na mimi badala ya kumwinua nikawa ninalia na kumweleza habari za msumari na M, na kwamba pedi hizo ni zako. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Breki ni ya bwana yako, sawa," akasema. "Lakini hii mkono ni yangu."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angenitukana. Nilimtazama na kitambaa chake kimejaa vumbi, nikakumbuka kwamba asubuhi ile ile, kwenye kiti kile kile, nilikuwa nimempakia Makena.

Mkono haukuvunjika, Mungu ni mwema. Zahanati waliufunga, na baada ya siku chache akaanza tena kuuza. Pikipiki niliisukuma mpaka kwa Ekai. Alipofungua gurudumu akatoa kipande cha bati, akakigeuzageuza, akauliza nani aliweka hii kitu. Vijana walikuwa wamesimama pale, na Mutwiri akiwa kati yao. Nikasema ni mimi. Nilingoja Mutwiri acheke, kwa sababu alikuwa na haki. Hakucheka. Aliinama akamshikia Ekai gurudumu.

Pedi mpya nilizifunga mwenyewe, Ekai akiangalia. Zako aliniuliza kama nazitaka. Nilizishika kidogo, nikapitisha kidole kwenye zile M, kisha nikaziweka kwenye debe lake la vyuma vikuukuu. Unisamehe. Nilikuwa nimekulinda wewe ambaye huwezi tena kuanguka, nikamsahau binti yako.

Jumapili iliyofuata nilimweleza Makena kila kitu. Nilimwambia yeye alisoma vizuri, mimi ndiye niliyefanya mshale udanganye. Hakulia. Akachuchumaa mahali pake, nikakanyaga, akautazama mshale kwa muda mrefu. Nikangoja aseme iko ndani.

"Fungua nione," akasema.

Nikatoa spana zako, nikafungua gurudumu lote, nikiwa na nguo za kanisani. Akaingiza kidole, akagusa pedi moja, akagusa ya pili. Tulifika kanisani mahubiri yamekwisha, mikono yangu myeusi kwa grisi, na sikuificha.

Pumzika, Baba Makena. Usitusubiri kwa haraka. Kila Jumapili nitafungua, na nitaendelea kufungua mpaka siku atakayoniambia mwenyewe, "Acha, Mama, nakuamini."

Wako,
Mama Makena