Wimbo Ambao Haumo Kwenye Santuri

Jumapili, Merrylands. Baridi, manyunyu tangu asubuhi, na mimi nimeamka na kisirani.

Jana nilipata ile albamu sokoni Fairfield. Santuri yenyewe, jalada limechakaa pembeni. Ni ya bendi ya Waingereza, muziki wa new wave wa miaka ya themanini, ambayo Baba alikuwa nayo kwenye kanda kule Nakuru. Nilitaka iwe zawadi yao, yeye na Mama. Mama anatua Jumamosi, na hawajaonana tangu nimlete Baba huku ughaibuni kutibiwa macho.

Kanda ile nimekua nayo. Magitaa yanaanza kwa hasira, mbio mbio. Upande wa pili vinaingia vinanda vya umeme, kisha tarumbeta, na mwimbaji analainika. Mwisho kabisa ni mwanamke mmoja na kinanda, basi. Nilikuwa nikiganda hapo, na Mama akienda kuangalia chai jikoni. Miaka yote nimewaambia watu kwamba bendi ile ilikomaa ndani ya albamu moja. Nimebishana mpaka kazini.

Wimbo huo wa mwisho haumo.

Nilimshuku muuzaji kwanza. Nikatafuta mtandaoni. Haumo, na haujawahi kuwamo.

Baba naye alipoiona santuri hakufurahi hata kidogo. Aliuliza tu, "Mama yako anajua umeinunua?" Mtu mwenye moyo mweupe haulizi hivyo. Nikamuuliza wimbo uko wapi.

"Siku hizo ulikuwa unapeleka kanda tupu unarekodiwa," akasema. "Nafasi ikibaki mwishoni, inajazwa. Aliyenirekodia alijaza na sauti yake."

"Nani huyo, Baba?"

"Aah, achana na hiyo story. Ni mambo ya kitambo." Akatoka kuanua nguo. Nguo nilikuwa nimeshazianua.

Kwa hiyo bendi yangu haikukomaa kiasi hicho. Nina hasira kwa niaba ya Mama, na nina aibu pia, kwa sababu sauti ile bado naipenda.

Jioni Mama amepiga simu. Amemaliza kufunga mizigo: unga, majani ya chai, nguo za kanisani.

"Na ile kanda ya baba yako nimeiweka," akasema. "Tutaisikiliza sisi watatu."

Nikacheka kidogo, nikamwambia labda imeharibika.

"Haijaharibika. Nimeijaribu. Safari hii siendi kuangalia chai, mwanangu. Nitakaa mpaka mwisho."

Nimekaa na simu mkononi. Baba anakoroma kwenye kochi. Nimwamshe nimwambie, au nimwache alale mpaka Jumamosi?