Sindano Nilizomchoma Wasike

Jumapili, 2 Machi 2025

Wasike hakwenda sokoni Kibuye leo. Muuza viatu vya mtumba kukosa Jumapili, siku soko linapofurika! Miaka kumi na moja ya ndoa sijaona. Homa imerudi, mara ya tatu tangu Krismasi. Alitetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Nimemchoma sindano ya antibiotiki, seftriaksoni, niliyotoa dukani kwangu, ya tatu tangu Ijumaa. Krismasi nilimpa vidonge vya sipro siku tatu, akapona. Januari vile vile, akapona nusu. Safari hii homa haisikii dawa.

Dada yake, Caren, alipiga simu — mpeleke hospitali. Nikamwambia ni taifodi, naijua. Baadaye nikamsogeza Wasike dirishani nikamwangalia macho. Ya manjano kabisa. Nimeogopa.

Jumatatu, 3 Machi

Amelazwa. Asubuhi alikuwa anaropoka, ananiita kwa jina la mama yake. Jirani alituleta kwa gari lake, na Caren akatukuta hapa hapa hospitalini.

Daktari Nduta ni binti mdogo, sauti ya chini, hana haraka. Walimpiga picha ya tumbo. Jiwe limeziba mrija wa nyongo, nyongo imekwama, vijidudu vimepanda mpaka kwenye damu. Si taifodi. Nadhani hata ile ya Krismasi haikuwa taifodi.

Walitoa damu chupa mbili ipelekwe maabara, vijidudu vioteshwe, wajue ni vya aina gani na vinauawa na dawa ipi. Halafu akaniuliza, "Mama, nyumbani ametumia dawa gani?"

Caren alikuwa pembeni, mkono kiunoni. Nikasema Panadol tu.

Panadol tu — mimi mwenye duka la dawa hapo Mamboleo! Lakini leseni iliyo ukutani ni ya Enos, mfamasia, na Enos alihamia Nakuru zamani. Mimi kazi niliisomea nyuma ya kaunta yake. Wakijua nachoma watu sindano watafunga duka, na Caren atapata cha kusema mpaka uzeeni.

Saa kumi nesi alikuja na dawa ya kwenye dripu. Nikasoma kichupa. Seftriaksoni. Ile ile yangu.

Jumanne, 4 Machi

Homa thelathini na tisa. Nimeshinda nikiangalia dawa inashuka tone kwa tone, na najua vijidudu vyake vilishaizoea. Nilimfuata nesi nimwambie. Nilipomfikia nikamwuliza chai inauzwa wapi.

Jumatano, 5 Machi

Presha imeshuka. Mkojo ni kidogo, rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Daktari Nduta alinieleza wanataka kuuzibua ule mrija, wapitishe kifaa mdomoni mpaka kwenye jiwe, lakini kwa presha hii hawathubutu. Kwanza dawa imshike. Nikamwuliza kama watu wa hivi hupona. Alisema wengi hupona, dawa ikiwa ndiyo inayofaa tangu siku za mwanzo na njia ikizibuliwa. Na ikiwa siyo? Aliangalia saa yake, akasema tuombe Mungu.

Naswa wetu alipiga simu kutoka shuleni, ameazima simu ya mwalimu. Nikamwambia baba anaendelea vizuri. Siku hizi uongo unanitoka bila hata kufikiria.

Alhamisi, 6 Machi

Nilikuwa nimeweka tumaini langu lote kwa maabara. Majibu yangeonyesha kijidudu hakijali seftriaksoni, wangebadilisha wenyewe, na mimi nisingehitaji kufungua mdomo. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote.

Majibu yametoka. Hakuna kilichoota.

Daktari Nduta alitusimamisha koridoni, mimi na Caren. "Mgonjwa yuko vibaya hivi na damu haioti kitu. Mara nyingi ni mtu ametumia antibiotiki kabla ya kuja, ikazuia vijidudu kuota." Kuna dawa kubwa zaidi, ya akiba, lakini mkubwa wake haitoi mpaka aone sababu imeandikwa kwenye faili. Akaniuliza tena — Mama, una uhakika?

Kabla sijajibu Caren akadakia. "Daktari, huyu ni mtu wa dawa. Angekuwa amempa kitu, si angesema? Nyinyi tafuteni shida kwenu."

Caren! Amenitetea. Tangu nilipoolewa hajawahi. Nikaitikia kwa kichwa, nikaenda msalani nikalia. Namwua mume wangu kwa sababu ya leseni ambayo hata si yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Naandikia kwenye benchi, nje ya wodi.

Asubuhi hii Wasike ameamka na akili zake. Midomo imekauka, macho bado manjano, lakini alinitambua. Daktari Nduta alikuwa anazunguka wagonjwa, akafika kwake. Caren alikuwa anampangusa miguu. Wasike akagusa dripu na kidole.

"Daktari, hii yenu toeni. Hainisaidii. Mama Naswa, niletee zile zako. Ile sindano ya Ijumaa si ilinishika kidogo?" Halafu akamgeukia daktari, anajaribu kutabasamu. "Huyu ndiye daktari wangu. Bila yeye ningekuwa nimeenda kitambo."

Caren akaacha kupangusa. Daktari Nduta akafungua faili polepole. "Sindano gani, Baba?"

Yeye hajui jina la dawa. Akaniangalia mimi niseme, na uso wake umejaa fahari kwa ajili yangu. Hicho ndicho sikuweza kukivumilia. Nikasema nakuja, nikatoka.

Nimeandika ukurasa wa nyuma wa daftari hili. Sipro, Desemba, siku tatu. Sipro, Januari, siku tatu. Seftriaksoni, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Nimeuchana. Uko hapa gotini, na kutoka benchi mpaka mlangoni ni hatua sita. Daktari hajatoka bado. Caren pia hajatoka.

Mlango uko wazi. Namsikia Wasike akimwambia daktari asubiri kidogo, mke wake ameenda kuleta dawa.