Siku Uliyonikana Ngome Kongwe

Baba yangu uliye Unguja,

Barua hii sijaifunga. Mama ameisoma, shangazi ameisoma, na leo nimeibandika kwenye ubao wa gazeti la shule. Wewe ulinificha, donc, basi, mimi nakuandikia wazi.

Unakumbuka likizo ile mimi na shangazi tuliposhuka kwenye boti? Ulinibebea begi, ukaninunulia urojo, pilipili ikanikaba. "Polepole, mwanangu, huo si mchuzi wa mtaani kwenu Buyenzi!" Ulicheka mpaka ukafuta machozi, na mimi nikacheka, mimi ambaye hata duka la jirani naona haya kuingia.

Kesho yake ukanichukua kazini kwako, Ngome Kongwe. Nilitembea nyuma ya watalii wako, nikigusa ukuta, nawe unawasimulia kwa Kifaransa kile ulichotoka nacho kwetu Bujumbura, ukakipamba zaidi. Waomani waliijenga ngome walipowafukuza Wareno, mahali palipokuwa na kanisa lao. Baadaye ikawa gereza. Zama za Waingereza ikawa karakana ya reli, kisha mabibi wao wakacheza tenisi mule mule walimofungwa watu. Watalii walicheka waliposikia tenisi. Wewe hukucheka. Nilikupenda sana dakika ile.

Bibi mmoja mtalii akauliza mimi ni nani.

"C'est ma fille," ukasema. "Mon aînée."

Binti yako, mzaliwa wako wa kwanza: niliangalia chini, lakini ndani niliruka.

Kisha tukafika uani, kwa shemeji yako, kaka wa mkeo wa huko, anayeuza picha za kuchora.

"Na huyu wa nani, shemeji?"

"Wa rafiki yangu wa Burundi. Kaja kutembea."

"Mbona kakuibia pua?"

"Aa, pua hizi kwetu zimejaa tele!"

Mkacheka wawili. Akanipa kishikio cha funguo, zawadi ya mgeni. Nikasema asante. Baba, niliwahi kuwa binti yako kwa Kifaransa, mbele ya watu wanaopanda ndege kesho. Kwa Kiswahili, mbele ya watu wako, nilikuwa mtoto wa rafiki. Na lugha zote mbili nazisikia vizuri. Shule mnayonilipia wewe na mama ndiyo iliyonifundisha moja, nyingine niliinyonya.

Nilirudi Bujumbura, nikanyamaza kama zile kuta. Kila mwenye nguvu aliziingia akazipa kazi yake: leo gereza, kesho reli, keshokutwa tenisi. Hakuna aliyeziuliza. Mi ni mkimya, ndiyo. Lakini mi si ukuta.

Sasa umenitumia sauti kwenye simu: mitihani ikiisha nije niishi kwenu, chumba kipo, shule ipo. "Ila ukifika uniite ami, si baba. Kwa muda tu, mwanangu, mpaka nitafute namna." Niliisikiliza jikoni. Mama alikuwa anachambua maharage, akasikia yote. Hakukutukana. Alisema tu, "Amua we mwenyewe. Mi sikufukuzi, wala sikufungi." Akaendelea na maharage, lakini niliona anatupa mazima na kubakiza mabovu.

Wiki iliyopita mwalimu wa historia alinipa exposé, mada ya kueleza mbele ya darasa, juu ya ngome za pwani. Nilieleza ya Unguja, nikaeleza na ya Chake Chake kule Pemba, kisha mvulana mmoja wa mtaa wa Gihosha akauliza, "We ulifika huko na nani?"

"Na baba yangu."

"Baba gani? Si hatujawahi kumuona hata siku moja!"

Darasa likacheka. Ningeweza kukaa chini. Nikasema, "Ninaye. Anaishi Unguja, ana mke huko, na ananificha." Kicheko kikakatika. Yule mvulana akanong'ona, "Pardon, dada." Nikamalizia exposé yangu.

Basi jibu langu ni apana. Sitakuita ami, si kwa mwaka, si kwa siku moja. Nakupenda, na bado naisikia sauti yako nikiona jiwe la zamani popote. Lakini kukupenda hakunifanyi niwe mtoto wa rafiki.

Mitihani ikiisha, nitakuja kutembea. Shangazi ameshakubali kunisindikiza. Nitabisha hodi mlangoni kwako, nitampa mkeo mkono kwa heshima na nitamwita mama mdogo, kwa sababu ndivyo alivyo kwangu. Muda ulio nao kabla ya hapo ni wako. Mwambie wewe, au ataambiwa na mimi.

Ubaki salama, Baba.

Mwanao wa kwanza