Jeneza Lililosubiri Zamu

Mjukuu wangu Neema,

Mama yako ameniambia leo kwamba hoteli moja ya Malindi imekupa kazi, nawe unauliza kama uende. Hapa Columbia Heights, Marekani, hatujambo. Yeye ameingia zamu hospitalini, nami nimebaki na redio.

Nilipokuwa mwandishi wa habari kijana, nilipanga chumba Malindi. Mji ulikuwa ukikua haraka, na majirani wote walikuwa wameajiriwa hotelini. Mwenye nyumba wangu alipofiwa na mkewe, tulikosa wa kubeba jeneza hadi zamu ilipokwisha.

“Marehemu hana haraka, mzee,” mchimba kaburi alimwambia. “Mwenye haraka ni meneja.”

Mzee alicheka kidogo, kisha akaketi kando ya jeneza, peke yake.

Wiki ile niliandika habari za vyumba vipya vya wageni. Mzee yule sikumwandika. Lakini mishahara ile ya hoteli ilisomesha watoto wa mtaa mzima, kwa hiyo sikuzuii.

Nitakupigia Jumapili baada ya ibada, kabla hujasaini mkataba Jumatatu.

Babu yako