Sweta la Mama Ndani ya Friza

Shoga, hivi harufu ya marehemu hudumu kwenye nguo muda gani?

Unawakumbuka wale nondo, vile vipepeo vidogo vya sebuleni? Jumatatu niligundua chimbuko lao: sweta la marehemu mama, ndani ya kabati la baba. Viwavi wao wamelitoboa shingoni na kwapani.

Shangazi alikuja na kopo la dawa. "Puliza, mambo yaishe!" Nikakataa katakata, maana humu ndani kuna kichanga cha kaka. Nikalifunga sweta kwenye mfuko, nikalitia kwenye friza ili baridi iwaue.

Leo baba amefungua friza kutafuta barafu. Akalitoa, shoga. Akalinusa. AKALINUSA.

"Tangu azikwe sijaruhusu lifuliwe," akasema taratibu. "Sasa linanuka samaki."

Ndipo nikaelewa. Viwavi hupenda nguo yenye jasho. Miaka miwili tangu mazishi walikuwa wakila kile kile alichokuwa akikihifadhi baba.

"Wangelimaliza lote, baba." Alilikumbatia tu, likamlowesha kifua.

Basi nimewaambia wote mezani: dawa haipulizwi, na kesho asubuhi ninalifua sweta kwa maji ya moto, jasho litoke wasirudi. Kisha nikamgeukia baba: "Baba, leo lala nalo."