Bomba Lililowekwa Miguuni pa Mashto

Kijiji cha Simalkot,
Achham.
Mangsir, tarehe 24.

Mpendwa mdogo wangu Lokendra,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako Nandakala. Habari za huko India, Pune? Kifua chako kinaendeleaje, bado kinakubana ukikesha getini? Harka, anayekuletea barua hii, ameniambia mnalala watano chumba kimoja na kwamba mwanangu Khagendra anakoroma kuwashinda wote. Hilo kalirithi kwa marehemu baba yake. Sisi huku ni wazima. Baridi imeshaanza, na mguu wangu wa kushoto unalalamika kila nikishuka mteremko.

Harka amebeba kopo la samli na mfuko wa soya za kukaanga. Mgawane na Khagendra, ila kopo usimwachie yeye.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati siku hizi kila mtu anapiga simu. Simu inayoshika mtandao iko dukani kwa Dambar, na ukipiga hapo Dambar anasimama nyuma yako akijidai kufuta vumbi kwenye makopo. Haya ninayokuandikia yanamhusu yeye. Nina kinyaa naye, Lokendra, kinyaa cha kunikosesha chakula, na nimeona bora nikitoe kwako kuliko kwa mbuzi.

Ulipoondoka bado tulikuwa tunachota kwenye chemchemi ya juu, ile yenye midomo miwili. Mdomo wa juu ulikuwa wa kila mtu, na ule wa chini wetu wanawake tukiwa kwenye siku zetu au tukiwa tumejifungua. Tulijitenga, ndiyo, lakini maji yalikuwa yaleyale, safi na ya baridi ya kuuma meno.

Ndipo ukaja mradi. Nchi tatu za mbali zilishirikiana na serikali yetu kutuletea maji na vyoo, na bendera za wote zimechorwa kwenye tangi. Siwanyimi haki yao. Bomba ni zuri, maji hayakatiki, na fundi wao alikuwa kijana mwenye adabu. Ila walipouliza bomba likae wapi, waliuliza hivi: watu wote wa kijiji hukutania wapi? Wanaume wakajibu kwa sauti moja kwamba ni uwanjani kwa mungu wetu Mashto. Wao kweli hukutania hapo, mbele ya hekalu, wakivuta tumbaku na kusengenya.

Mimi nilikuwa mwanakamati, maana wafadhili walisisitiza wanawake wawemo. Kazi yangu kwenye kamati ilikuwa chai. Nikauliza nikiwa na birika mkononi, "Na wanawake walio kwenye siku zao watachotea wapi? Pale kwa mungu hatukanyagi." Dambar, ambaye ndiye mwenyekiti, akanitazama akicheka. "Shemeji, wewe umri huo umeshakupita. Inakuhusu nini? Mimina chai." Wakacheka wote, na mkalimani naye akacheka, kwa hiyo wazungu wakatabasamu wakadhani nimesema jambo la furaha.

Basi bomba likajengwa miguuni pa Mashto, na ile chemchemi ikafunikwa kwa saruji ili maji yote yaingie kwenye tangi. Midomo yote miwili ikazibwa. Tangu hapo mwanamke akiingia kwenye siku zake, au akijifungua, kilichobaki kwake ni kijito cha bondeni. Hata mimi nikitaka kumpelekea maji ya bomba kwenye zizi alikotengwa, siruhusiwi, kwa kuwa eti maji ya mungu hayaingii mahali palipochafuka. Amri hiyo aliitoa Dambar siku ileile bomba lilipofunguliwa.

Sasa nikueleze kuhusu vyoo, ila kama unakula weka sahani pembeni kwanza. Kila nyumba ilipewa choo, na pale njia panda kuna ubao unaosema kijiji chetu kimeacha kujisaidia porini. Nusu ya watu wamevitia kufuli wakingoja wageni. Mke wa Harka amehifadhi viazi kwenye chake. Wanaovitumia kweli ni wale wa mtaa wa juu, akiwemo Dambar mwenye choo cha vigae vya buluu, na mashimo yao yote yamechimbwa ukingoni mwa kijito. Mvua ikinyesha, unajua mwenyewe yanakwenda wapi. Nimeona kwa macho yangu vitu vinaelea pale ambavyo sitaviandika, kwa sababu barua hii ina samli pembeni yake.

Mkwe wetu Jaukala, mke wa Khagendra, alijifungua mwezi wa Bhadau, mvua zikiwa zimechachamaa. Mtoto wa kike, wa afya, mwenye nywele nyingi. Kama ilivyo desturi tukawaweka yeye na mtoto zizini chini ya nyumba, wakae hadi siku ya kumi na moja mtoto apewe jina. Nikawa nashuka kijitoni kumchotea maji. Nilichuja kwa kitambaa, nikachemsha hadi kuni zikaniishia, na bado yalinuka. Siku ya nne tumbo likaanza kumwendesha. Siku ya sita maziwa yakapungua, na mtoto akawa analia kwa sauti nyembamba kama ya paka aliyefungiwa. Nilimwendea Dambar nikampigia magoti, mimi mke wa marehemu kaka yake. Nikaomba ndoo moja tu ya maji ya bomba.

"Shemeji," akaniambia akichokonoa meno, "sheria si yangu, ni ya Mashto. Unataka mvua ya mawe ituangukie?"

Nikarudi mikono mitupu. Jaukala akaniuliza amesema nini, nikamwambia hakuwepo dukani.

Siku ya nane wakaja wazungu na wakubwa kutoka Kathmandu, kukagua mradi na kuupiga picha. Wote walishika chupa za maji waliyokuja nayo. Walisimama pale bombani wakalisifia bomba hadi koo zikawakauka, wakafungua zile chupa zao wakanywa. Dambar walimvisha maua shingoni na kilemba cha ukoka kichwani, na yeye akavimba kama unga uliotiwa hamira. Halafu mama mmoja wa kizungu akasema anataka picha ya mama mwenye mtoto mchanga akichota maji, kwa ajili ya kalenda yao.

Kijiji kizima mtoto mchanga alikuwa mmoja tu, yule wa Jaukala.

Nikamwona Dambar anateremka kuja zizini kwetu, maua bado shingoni. Akasimama mbali akiziba pua kwa kofia. "Shemeji, mtayarishe mkwe wako. Mvike ile sari nyekundu. Na mtoto pia mfute uso. Haraka, wageni wana gari la kuwahi."

Nikamwuliza, "Na Mashto?"

"Mashto ameshaulizwa. Dhami atawanyunyizia maji ya dhahabu, na wakishaondoka atasafisha uwanja kwa mkojo wa ng'ombe. Hakuna kitakachoharibika."

Unamjua dhami wetu, mzee Ujale, yule Mashto humpanda akasema kwa kinywa chake. Siku mbili kabla ya hapo Mashto huyohuyo angetupiga kwa mawe ya mbinguni. Siku hiyo alikubali kupigwa picha. Nikataka kumwambia Dambar arudi alikotoka, lakini Jaukala alikuwa ameshaanza kusuka nywele. "Mama," akaninong'oneza, "nikifika pale nitayanywa."

Na aliyanywa. Dhami alichovya pete ya dhahabu kwenye bakuli la shaba akatunyunyizia sote, hata mtoto. Jaukala akafungua bomba, akajaza mtungi, halafu akainamisha kichwa na kunywa kwa kiganja, akanywa, akanywa, wazungu wakipiga picha na kushangilia. Yule mama akamwuliza kupitia mkalimani kama anayafurahia maji. Jaukala akamjibu, "Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuyagusa tangu nijifungue." Sijui mkalimani alitafsiri nini, maana yule mama alipiga makofi akambusu mtoto, kisha akajipaka dawa ya kuua vijidudu mikononi. Nikakodolea macho ile dawa. Mimi niliyefuta kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini sijapata kuona mtu akijisafisha kwa kumgusa mtoto wetu, tena mbele ya mama yake.

Wakaondoka, vumbi likatulia, uwanja ukanyunyizwa mkojo. Dambar akatuashiria kwa kidole turudi zizini, kama mtu anayewafukuza kuku.

Asubuhi yake nikasikia mlango wa zizi ukifunguliwa. Jaukala huyo, mtoto mgongoni, mtungi kiunoni, anapanda mteremko kwenda kwa Mashto. Nikamfuata nikichechemea. Wanaume walikuwepo tayari na tumbaku zao. Dambar akaruka akasimama. "Wewe, ishia hapohapo. Siku zako hazijaisha."

"Baba," Jaukala akamjibu kwa heshima zote, hajainua hata macho, "jana Mashto aliniruhusu. Kama amebadili mawazo, dhami amwulize hapa tusikie wote."

Dambar akamtazama dhami. Dhami akatazama tumbaku yake. Mashto hakumpanda, hakuna aliyetetemeka, na maji yakajaa mtungini huku kila mtu akiyasikiliza. Alichota siku hiyo, na kesho yake, hadi mtoto akapewa jina. Tumemwita Rajmati. Tumbo likatulia na maziwa yakarudi kwa wingi hata yakawa yanalowanisha blauzi. Kuanzia hapo wanawake wengine walio kwenye siku zao nao wakaanza kwenda bombani, mwanzoni kwa kujificha nyuma yangu, sasa wanakwenda wakicheka. Huo ndio uovu wote wa mkwe wako, Lokendra. Nimekueleza bila kutia chumvi.

Sasa sikia kilichonishikisha kalamu. Mwezi uliopita ng'ombe dume wa Dambar alianguka gengeni akafa. Ng'ombe huyo alikuwa mzee, kipofu jicho moja, na amefungwa na mlevi. Lakini Dambar ametangaza kwamba ni hasira ya Mashto kwa sababu ya Jaukala. Akampigia simu Khagendra huko, akamwambia mke wake amemchafua mungu na kuwaharibu wanawake wa kijiji. Na mwanangu, ambaye nilidhani nimemzaa na akili zake, akapiga simu dukani akasema Jaukala arudishwe kwao kabla ya mwezi wa Magh, mtoto abaki. Jaukala aliupokea ujumbe huo dukani mbele ya watu, Dambar mwenyewe akimshikia simu. Hakulia pale. Alilia akikamua nyati, nikasikia mimi na nyati.

Wewe ni mjomba wake. Mimi akinisikia ananiona mama tu, lakini mjomba akisema lazima aketi. Basi mketishe. Mwambie mtoto wake alikuwa anakauka zizini huku baba yake mdogo Dambar akichokonoa meno. Mwambie maji hayo watu wa nchi tatu waliyaleta kwa ajili ya mtoto kama wake, na aliyewazuia wasiyafikie ni huyo anayemsikiliza. Na mwambie, kwa maneno haya haya, kwamba Jaukala akivuka mto kurudi kwao, mimi mama yake nitakuwa nyuma yake nimembeba Rajmati. Nyumba abaki nayo Khagendra na ng'ombe wa Dambar.

Msalimie sana Harka akifika, najua atakuwa amechoka na safari. Mwambie viazi vya mke wake vimeanza kuota chooni. Wasalimie vijana wote wa Achham mnaolala pamoja. Mzee wetu Padam, baba yetu mdogo, anakusalimu na anauliza lini utamletea miwani. Rajmati anacheka sasa, na amejua kuvuta masharubu ya watu. Miungu ya njia na ya geti lako ikulinde, kifua kikupe nafasi ya kupumua, na urudi uje unywe maji yasiyo na harufu nyumbani kwetu.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata leo ambapo hakuna kitu ninachokipenda,

Nandakala.

Nilisahau. Ndani ya kopo, juu ya samli, nimefunga karatasi kwa plastiki. Ni ukurasa wa kalenda ya wale wazungu, imeletwa juzi, na Dambar ametundika yake dukani juu ya mizani. Huyo aliyeinama na sari nyekundu ni Jaukala. Huyo mwenye maua shingoni anayecheka, mkono juu ya bomba, ni Dambar. Nyuma ni dhami na bakuli lake. Ibandike ukutani pale Khagendra anapolaza kichwa, halafu mwambie ampigie simu baba yake mdogo amwulize swali moja tu: siku hii Mashto alikuwa amekwenda wapi?